Renbo wadogo kwenye tangi la mimea: anza na maji yako, rangi utaikuta mbele

FundiTangi (Tabata)

Wadau habarini. Kuna mtu kwenye uzi wa samaki wa gapi kaniuliza habari za renbo wadogo (rainbowfish, samaki wa rangi wa kufuga tangini) nikaona jibu linakuwa refu mno, bora nifungue uzi wake kabisa. Na nafungua pia kwa sababu kila baada ya muda naona mtu analia humu kwamba kapigwa, kaona picha ya samaki wa bluu ana mapezi mekundu, kamwagiza kwa hela ndefu, akafika wa kijivu kama dagaa. Hujapigwa mkuu. Renbo dukani wanauzwa wakiwa watoto, wana stresi ya safari, wako kwenye tangi jeupe halina hata jani moja, rangi itoke wapi? Mpe miezi kadhaa na mimea na chakula cha kueleweka ndo utamjua.

Hawa samaki kwao ni New Guinea na Australia, wengine Sulawesi. Afrika bara hawapo, ndugu zao wa karibu na sisi wapo Madagaska, wanaitwa Bedotia, wazuri ila wanakua kuliko hawa ninaowazungumzia so tuwaache.

Anayependwa kuliko wote ni Melanotaenia praecox, ndo huyo wa bluu. Asili yake bonde la mto Mamberamo, Papua ya Indonesia. Kaandikwa kwenye vitabu vya sayansi toka 1922 lakini kwenye matangi ya watu kaingia miaka ya 90 huko. Anaishia sentimita 6 hivi. Dume mapezi mekundu na akikomaa anapanda mgongo anakuwa mpana, jike mapezi yake ya njano au chungwa na mwili umenyooka. Sasa watu wakisikia "mdogo" wanamtupia kwenye katangi ka sentimita 45. Huyu mdogo wa kimo tu, kutwa nzima anakimbia toka kona hii mpaka ile, na dume likianza kumringia mwenzie linazunguka naye kasi mpaka unaogopa litagonga kioo. Mpe tangi la urefu wa sentimita 80 au 90. Lita muuzaji atakutajia nyingi tu kwa tangi refu kwenda juu, wewe angalia urefu wa kwenda pembeni.

Kuna Iriatherina werneri, huyu sentimita 4 mpaka 5, yupo kusini mwa New Guinea na kaskazini mwa Australia. Dume lina pezi la kwanza la mgongoni ambalo linalisimamisha na kulilaza haraka haraka likiona jike, na pezi la pili pamoja na la chini yana nyuzi ndefu nyeusi zinapita hadi mkia. Usimweke na samaki yeyote mwenye tabia ya kudonoa, hizo nyuzi zitaliwa siku hiyo hiyo. Na mdomo wake mdogo sana aisee, vile vidonge vya kawaida anaviangalia tu vinapita.

Halafu kuna kundi la macho bluu, Pseudomugil. Gertrudae ana sentimita 3 na kitu, mapezi ya njano yana vidoti vyeusi. Luminatus ni mwekundu, katoka pande za Timika, kauzwa miaka kibao bila jina rasmi mpaka 2016 ndo akapewa. Furcatus ni wa njano, katoka mashariki ya Papua New Guinea, anafika 5. Hawa wote tangi la sentimita 60 wanaishi vizuri.

Haya sasa uchague yupi? Hapa ndo point yangu. Nenda jikoni kaangalie birika. Likiwa na ukoko mweupe ndani, na ukinawa sabuni haitoi povu, maji yako ni magumu. Sisi wa Dar tuna maji ya DAWASA ambayo mengi yanatoka Ruvu, na tuna visima, na visima vya mitaa mingi vina chumvi mpaka chai inaharibika. Gertrudae kwenye maji ya kisima cha hivyo atakaa kwa kujikaza, kwao anaishi kwenye maji laini yenye majani yaliyooza. Furcatus maji magumu kiasi anayapenda. Praecox yuko katikati, pH (kipimo cha asidi ya maji) 6.5 mpaka 8 anakubali. Na wale wenye kisima kikali kabisa kuna Marosatherina ladigesi wa Sulawesi, kwao Maros ni milima ya chokaa tupu, huyo ukimpeleka kwenye maji laini ndo anaugua. Mtu anaenda kununua madawa ya kubadilisha maji kila wiki wakati angechagua samaki wa maji aliyonayo angelala usingizi.

BintiMuheza

Asante kaka kwa darasa. Mimi nina tangi la lita 40, lina samaki wa beta mmoja na gapi wawili na mimea kidogo. Naweza kuongeza praecox watatu? Maana nimewapenda hao wa bluu mpaka basi.

FundiTangi (Tabata)

Dada hapana. Tangi dogo, na watatu ni wachache mno, renbo ni samaki wa kundi, chini ya sita wanajificha nyuma ya mimea na wanapauka. Halafu beta anaogelea taratibu, hawa watamchosha kwenye chakula, kabla hajageuka wao washamaliza. Ukiweza kumhamishia beta kwenye chombo chake, humo kwenye lita 40 weka luminatus au gertrudae nane. Madume yawe zaidi ya moja, dume likiwa peke yake halina wa kushindana naye kwa hiyo haliringi na rangi haioneshi. Majike wawe wengi kuliko madume ili wasisumbuliwe sana.

msee_wa_Kasarani

Niaje wasee. Mimi niko Nairobi na maji ya bomba hapa ni soft, yanatoka Ndakaini, so gertrudae wanakubali bila shida. Stori yangu ni baridi. Hapa Julai maji ya tangi bila hita yanashuka mpaka unashika unasikia ni ya friji, na hao samaki wanataka 24 kwenda juu. Watu wa Dar mkituambia "hita ya nini" mnatupoteza. Pia mimi nawapea majani, huku tunanunua online mfuko mdogo bei ni kali, ni majani ya nini hayo?

FundiTangi (Tabata)

Hahaha msee unanunua majani ya mkungu! Huku Pwani tunafagia kila asubuhi. Mkungu huu huu wenye kungu tulizokuwa tunapasua kwa jiwe utotoni, ndo majani yake yanauzwa duniani kote kwa wafuga samaki. Ukishuka Mombasa jaza begi. Chukua yaliyoanguka yenyewe yamekauka kahawia, yasiwe ya pembeni ya barabara yenye moshi wa magari, suuza, tumbukiza. Maji yanageuka rangi ya chai nyepesi na samaki wanatulia, na kwenye jani linalooza wanaota vijidudu ambavyo watoto wa samaki wanavila.

Ila angalizo kwa watu wa visima: jani la mkungu litabadilisha rangi ya maji yako lakini ugumu uko pale pale. Chokaa iliyomo inazuia ile asidi ya majani, pH haishuki kitu. Nimeona mtu anaweka majani mpaka tangi halionekani ndani, anapima, bado 8. Ukitaka maji laini kweli kinga ya mvua, bati likishaoshwa na mvua za mwanzo, uchanganye na ya kwako.

Hita kwa Nairobi, Arusha, Mbeya, Iringa ni lazima, hapo uko sahihi kabisa.

Mluguru_Og

Mi naomba niwe tofauti kidogo. Hivi kwanini tunahangaika na samaki wa Papua wakati Wazungu wanatafuta wa kwetu? Nothobranchius guentheri kwao ni Unguja hapo, eggersi yupo Rufiji, madume yao yana rangi hata hao renbo wakasome. Vidimbwi vya mvua vimejaa hazina sisi tunaagiza kutoka nje.

FundiTangi (Tabata)

Mkuu hujakosea na mimi nawapenda hao. Lakini ni ufugaji mwingine kabisa. Notho anaishi kwenye kidimbwi kinachokauka, kwa hiyo maisha yake ni mafupi, anakua haraka, anataga kwenye tope, anakufa, mayai yanasubiri kwenye udongo mpaka mvua irudi. Mayai yake unayatoa na kuyahifadhi kwenye unyevunyevu miezi kadhaa ndo unayalowesha. Dume kwa dume wanachanana, sio kuringiana. Sasa mtu anayetaka tangi la mimea sebuleni, kundi linaogelea pamoja, mgeni akija anakaa anaangalia, huyo anataka renbo. Anayetaka kulea mayai kwenye mifuko na kuandika tarehe achukue notho. Na vidimbwini usiende kuchota kienyeji tu, baadhi ya spishi zina eneo dogo sana, wakichimba mfereji au wakijenga basi imeisha.

Mluguru_Og

Hapo kwenye kibali je? Kuagiza renbo na hayo mambo ya kuleta samaki wageni?

FundiTangi (Tabata)

Samaki hai wanaingia kwa kibali na cheti cha afya, nunua kwa mtu mwenye makaratasi. Na ukichoka kuwafuga mpe mwenzio, usiende kumwaga mtoni wala mtaroni. Sangara aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 50 na tunajua kilichowapata furu. Hata hao ndugu wa renbo yamewakuta, kuna kasamaki ka macho bluu kenye mapezi mekundu, Scaturiginichthys, kako kwenye chemchemi za Edgbaston tu, Queensland, Australia, basi samaki wa gambusia walioletwa Australia kula viluwiluwi vya mbu wameingia kwenye chemchemi na kumfukuza karibu kote. Chemchemi zenyewe nyingine kina chake hakifiki hata kifundo cha mguu. Hilo eneo ilibidi linunuliwe mwaka 2008 na taasisi ya uhifadhi kumnusuru.

ShekheRuwi (Muscat)

Assalaam alaykum jamani. Miye niko Muscat, sie huku maji ya bomba ni ya bahari yaliyochujwa chumvi, kwa hiyo hayana ugumu mkubwa, lakini balaa letu ni joto. Mwezi wa sita mpaka wa nane ukifungua bomba la baridi linatoka la moto kwa sababu tangi liko juu ya paa. Ukibadilisha maji moja kwa moja umewapika samaki. Miye nateka jioni kwenye ndoo, nayalaza ndani kwenye AC, asubuhi ndo naongeza. Praecox ninao, wametoka Asia huko kwenye mashamba. Swali langu, AC ikizimwa tukisafiri tangi linafika 31, niogope?

FundiTangi (Tabata)

Waalaykum salaam shekhe. 31 kwa siku mbili tatu praecox anavumilia kama hewa ipo ya kutosha, ila kwa wiki nzima sikushauri. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na samaki huyo huyo kwenye joto anahitaji zaidi. Weka feni ndogo ipulize juu ya maji, yanapungua digrii mbili hivi, ila utaongeza maji kila siku maana yanaruka. Na punguza chakula ukisafiri, tena sana.

Hii inanikumbusha ishu ya umeme kwa sisi huku. Watu wa tangi la mimea wanadhani mimea inatoa oksijeni saa zote. Taa ikizimwa mimea nayo inavuta oksijeni kama samaki. Kwa hiyo umeme ukikatika saa nne usiku mwezi wa pili Dar, maji 30, mimea imejaa, filta imekufa, asubuhi unakuta samaki wako juu wanatweta. Nunua pampu ya hewa ya betri, zile zinazojiwasha umeme ukikata. Mimi filta zangu zote ni za sponji zinazoendeshwa na hewa, zinafaa pia kwa hawa wadogo maana hazivuti mtu, na sponji ina bakteria wanaosafisha maji, uioshe kwenye maji ya tangi, usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini utawaua wote.

Na kifuniko jamani. Renbo wanaruka. Hasa asubuhi taa inapowaka ghafla chumba kikiwa giza. Washa taa ya chumba kwanza au fungua pazia, ndo uwashe ya tangi.

mamaKijani

Me nilikuwa nasoma tu kimya lakini nimekuja kwa upande wa mimea, kwenye mimea ndo kwangu. Msiwajazie tangi lote, watu wanapanda mbele nyuma kati, samaki hana pa kukimbilia. Nyuma weka vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, ipo hata kwenye maziwa yetu, pembeni weka anubias umefunga kwenye gogo, mzizi wake mnene usiuzike kwenye mchanga unaoza, na katikati acha wazi kabisa. Juu weka mimea ya kuelea kidogo, mwanga ukipungua hawa samaki wanajiamini. Gugumaji msithubutu!! Taa masaa 7 au 8 kwa taima, ukiacha taa inawaka mchana kutwa mwani utakuwa ndo mfugo wako.

Swali langu sasa, jike langu la furcatus linaonekana linataga kila asubuhi kwenye java mosi (mmea wa majini) lakini watoto sijawahi kuwaona, wanaliwa?

FundiTangi (Tabata)

Mama mayai yanaliwa, na watoto wanaliwa. Renbo hatagi siku moja akamaliza, anataga machache machache kila siku, hasa asubuhi. Yai lina vinyuzi vinavyonata ndo maana linashika kwenye mosi. Chukua uzi wa sweta wa nailoni, rangi ya kijani iliyokolea, kata vipande, funga kwenye kizibo kielee, nyuzi zining'inie ndani. Majike watahamia huko. Kila baada ya siku chache upekue nyuzi moja moja kwenye mwanga, yai utalihisi kwenye vidole kabla hujaliona, gumu halipasuki ukilibonyeza kidogo, la uwazi. Lililogeuka jeupe limeharibika toa haraka ukungu usihamie kwa wengine.

Yaweke kwenye chombo kidogo chenye maji ya tangi hilo hilo. Praecox wanaanguliwa wiki moja hivi, furcatus wanachelewa, wiki mbili mpaka tatu, watu wengi wanamwaga wakidhani yamekufa. Ukimulika utaona macho mawili ndani ya yai yanakuangalia, hapo bado siku chache.

Watoto wanakaa juu kabisa ya maji, chakula kikizama kwao hakipo. Wiki ya kwanza wape infusoria (vijidudu vidogo sana vya majini), hayo maji ya jani la mkungu lililooza yanasaidia, au minyoo ya siki ambayo inaogelea juu. Atemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi) waliotoka kuanguliwa ni wakubwa kwa mdomo wao mwanzoni, baada ya wiki moja au mbili ndo unawapa. Kidogo kidogo mara nyingi kwa siku.

msee_wa_Kasarani

Hapo kwa atemia, watu wa Malindi wako na bahati, kwa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa hao wako huko kwa maji ya chumvi. Wakubwa je unawapea nini kila siku?

FundiTangi (Tabata)

Viluwiluwi! Ndoo ya maji uani, majani makavu kidogo, baada ya siku kadhaa unavua kwa kichujio cha chai. Hakuna chakula kinachotoa rangi ya praecox kama hicho. Lakini hiyo ndoo uvue kila siku na ukisafiri uimwage, dengi ipo Dar na sitaki kusikia mtaa mzima umelazwa kwa ajili ya renbo. Siku za kawaida chakula kikavu kilichosagwa vidoleni mpaka unga, kiasi cha kuisha ndani ya dakika moja mbili.

KijanaWaChamazi

Bro nimepata mtu anauza praecox, yupo na boesemani pia, naweza kuwachanganya? Na nikifika dukani naangalia nini?

FundiTangi (Tabata)

Boesemani anafika sentimita 10 na zaidi huyo, hakufai kama tangi lako ni la mita moja kushuka. Halafu Melanotaenia wanazaliana wao kwa wao ukichanganya spishi, watoto wanatoka machotara, na mtu akishawauza kama praecox mbegu imeharibika kwa wote. Spishi moja ya Melanotaenia kwa tangi, ukitaka mchanganyiko mwongezee macho bluu.

Dukani usiangalie rangi kwanza. Muombe muuzaji awape chakula mbele yako. Anayekuja mbio, mnunue. Anayebaki pembeni amekunja mapezi, tumbo limeingia ndani, mgongo umepinda au ana kidonda kisichopona, usimnunue na usinunue yeyote kwenye tangi hilo. Renbo wanashikwa sana na TB ya samaki, dawa ya kueleweka hakuna, na bakteria wake mmoja, Mycobacterium marinum, anaingia kwa binadamu kwenye mchubuko, unapata uvimbe mkononi usiopona miezi. Ukiwa na kidonda usitie mkono kwenye tangi la mtu, hata la kwako vaa glovu. Wageni wakae peke yao wiki nne kabla ya kuungana na wengine.

Na kitu kimoja cha gertrudae na luminatus, hawa kinyume na praecox. Maisha yao mafupi, mwaka mmoja miwili. Ukimkuta dukani dume limewaka rangi zote na mapezi yamejaa, ujue limeshakula nusu ya maisha yake. Chukua wale wadogo waliofifia.

KijanaWaChamazi

Poa sana. Ntaenda Jumamosi. Java mosi nayo nitapata wapi, madukani bei haishikiki.

FundiTangi (Tabata)

Ninayo imejaa ndoo nzima, aliyeko Dar aje na mfuko wake achukue bure. Ina konokono wadogo lakini, ukifika nyumbani iloweke pembeni siku kadhaa uwatoe kwa mkono, na usiweke dawa ya kuua konokono kama una uduvi tangini. Njoo PM nikuelekeze, ila sio mchana, nipo kazini.